Tazameni Bega, Msitazame Spidi

Hotuba kwa madereva bodaboda na mafundi wa pikipiki, Dodoma, Februari 2026

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vijiwe vya Majengo, Sabasaba, Nkuhungu na Area C, mafundi wenzangu, kina mama wenye pikipiki zao barabarani mnaosubiri hesabu jioni, na nyie madereva wenyewe: Mbukwenyi!

(Ukumbi unaitikia.)

Ramadhani Karim kwa waliofunga, na wenzetu wa Kwaresima tunawatakia mfungo mwema. Mwaka huu mifungo miwili imeingia wiki moja, kwa hiyo sitegemei kelele nyingi. Koo zimekauka, na jua la hapa mnalijua. Nitajitahidi wanaowahi futari wawahi.

Mwenyekiti aliponiita aliniambia hivi: vijana wanaangalia vipande vya MotoGP, zile mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia, kwenye simu, wanashangilia, lakini ukiwauliza nani anaongoza na kwa nini, wanabaki kucheka. Ni kweli. Kipande cha simu kitakuonyesha mtu anaruka juu ya usukani, au ananyanyua tairi la mbele. Hakitakuonyesha kwa nini yule aliyekuwa wa tano kwenye mzunguko wa kumi ndiye aliyepokea kikombe. Msimu mpya unaanza Jumapili ya tarehe 1 Machi, Buriram, Thailand, na nimekuja kuwaambia macho yenu myaweke wapi.

Kwanza hesabu, tuimalize haraka. Kuna raundi 22, kuanzia Thailand mpaka Valencia, Hispania, mwezi Novemba. Kila raundi ina mbio mbili. Jumamosi kuna mbio fupi, nusu ya umbali, mshindi anachukua pointi 12. Jumapili ndiyo mbio kamili: wa kwanza 25, wa pili 20, wa tatu 16, inashuka hivyo mpaka wa kumi na tano anayeambulia 1. Madereva ni 22, na watengenezaji ni watano: Ducati, Aprilia, KTM, Honda na Yamaha. Kwa hiyo dereva anayetaka ubingwa lazima apange mstari wa kuanzia mara 44, na mara zote hizo awe mzima.

Hapo kwenye kuwa mzima ndipo penye hotuba yangu. Mimi naona msimu huu hautaamuliwa na injini. Utaamuliwa na mifupa.

Chukueni bingwa mtetezi, Marc Márquez, Mhispania wa Ducati. Mwaka 2020, Jerez, Hispania, alivunjika mkono wa kulia, mfupa wa juu ule wa kati ya bega na kiwiko. Akarudi mapema mno, mfupa ukagoma kuunga vizuri, akafanyiwa upasuaji mara nne kwa jumla. Alikuwa bingwa 2019. Ubingwa uliofuata aliupata 2025. Katikati hapo aliondoka Honda aliyokuwa akilipwa vizuri, akaenda timu ndogo ya Gresini kupanda Ducati ya mwaka uliopita, ili ajue tu kama bado anaweza. Aliweza. Mwaka jana, akiwa timu kubwa ya Ducati, alishinda mbio 11 za Jumapili na 14 za Jumamosi, akaufunga ubingwa Motegi, Japani, mwezi Septemba, raundi tano zikiwa bado. Ubingwa wa saba wa daraja la juu, yaani MotoGP yenyewe, sawa na Valentino Rossi. Akipata mwingine atamfikia Giacomo Agostini mwenye nane.

Wiki moja baada ya sherehe za Motegi, Mandalika kule Indonesia, mzunguko wa kwanza, Marco Bezzecchi wa Aprilia akamgonga kwa nyuma. Wote wawili wakaenda kwenye kokoto. Márquez alinyanyuka ameshika bega. Bega la kulia. Upande uleule wa 2020. Akapelekwa kwenye upasuaji, na raundi zote zilizobaki hakuendesha.

Sasa nyie ni madereva, siwezi kuwafundisha mkono wa kulia unafanya nini kwenye pikipiki. Resi iko kulia. Breki ya mbele iko kulia. Mkono wa kushoto kazi yake klachi, na kwenye zile pikipiki wakishaondoka pale mstarini klachi karibu haiguswi tena, gia zinaingia kwa mguu tu. Kila kitu kinachokupeleka na kila kitu kinachokusimamisha kinapita kwenye bega la kulia. Kwa hiyo watu wakiniuliza "Mzee, Márquez amepona?" nawajibu tusubiri Buriram, na nawaambia pa kuangalia.

Buriram inazunguka kuelekea kulia. Kona za kulia ni nyingi kuliko za kushoto. Austin, Marekani, inazunguka kushoto. Sachsenring ya Ujerumani ndiyo kabisa, kushoto kushoto kushoto, na Márquez ameshinda pale mara 12 ukijumlisha madaraja yote. Kwenye kona za kushoto huyu bwana hata akiwa anaumwa atawasumbua. Kwa hiyo akishinda Austin msiseme amepona. Mwangalieni Buriram kona ya tatu. Inakuja baada ya ule mnyoofu mrefu, na ni kona ya kurudi ulikotoka. Wanafika pale wakiwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, halafu wanatakiwa wageuke kulia wakiwa karibu na 100. Yote hayo kwa sekunde chache.

Nimekuja na kitu hapa, naomba kipite kwa kila mtu. Hizo ni pedi za breki nilizozitoa jana kwenye pikipiki ya mmoja wenu, simtaji. Zishikeni. Chuma kimeshabaki chuma, na ile mistari mnayoiona pembeni ni diski yake iliyokuwa inaliwa. Huyu alikuwa anabeba abiria kwenda Mtumba na kurudi kwa pedi hizo. Sasa zile za MotoGP ni za kaboni, diski kaboni, pedi kaboni, na zina tabia ya ajabu: zikiwa baridi hazishiki. Zinataka joto la nyuzi 250 na zaidi ndipo ziume. Ndiyo maana kwenye mzunguko wa kwanza kabla ya kuanza mtaona madereva wanakimbia wanafunga breki, wanakimbia wanafunga breki, hawachezi, wanapasha.

Zikishauma, kinachofuata ni kazi ya mwili. Tairi la nyuma linanyanyuka au linateleza pembeni, pikipiki nzima inasimamia tairi la mbele. Mwili wa dereva unataka kuendelea mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake mwenyewe, na kinachouzuia ni magoti yaliyobana tangi na mikono miwili. Kisha akiwa amejikaza hivyo, kidole kimoja au viwili vya mkono wa kulia vinatakiwa viwe laini, vilegeze breki kidogo kidogo kadiri anavyoilaza pikipiki. Akilegeza ghafla anapitiliza kona. Akichelewa kulegeza, tairi la mbele linakimbia. Na hapo ndipo wengi wanapoanguka msimu mzima, si kwenye spidi. Rekodi ya spidi ni kilomita 366.1 kwa saa, aliiweka Brad Binder pale Mugello, Italia, 2023. Mnyoofu hauumizi mtu. Mwisho wa mnyoofu ndio wenye shughuli.

Kijana mmoja kijiweni aliniuliza kwa nini wakifunga breki wanatoa mguu nje unaning'inia. Ni mtindo ulioanza na Rossi, 2005, leo karibu wote wanafanya. Ukiwauliza wenyewe kwa nini, huyu anasema uwiano, yule anasema unapunguza spidi, mwingine anasema anajisikia tu vizuri. Mimi nimeshaacha kutafuta jibu.

Mfano wa pili wa mifupa ni Jorge Martín. Huyu alikuwa bingwa wa 2024 akiwa timu ya Pramac, kwenye Ducati. Akahamia Aprilia na namba moja yake. Februari 2025, majaribio ya Sepang, Malaysia, akaanguka akavunjika mkono na mguu. Akapona, akaenda kufanya mazoezi kabla ya Thailand, akaanguka tena, kifundo cha mkono wa kushoto. Akarudi Qatar mwezi Aprili, akaanguka, pikipiki ya nyuma ikampitia: mbavu kadhaa zimevunjika, hewa imevuja kuzunguka pafu. Amerudi Julai. Septemba, Motegi, akavunjika mtulinga. Bingwa wa dunia, msimu mzima hakushinda hata mbio moja. Mkiona jina lake kwenye orodha ya Buriram, jueni huyo si mtu wa kudharauliwa, ila naye ana mwili uliounganishwa unganishwa.

Nisogee pembeni kidogo, maana yupo mtu ameshaanza kunong'ona kuhusu barabara ya mzunguko. Ile ya nje, ya kilomita 112.3, inayolizunguka jiji letu. Nasikia vipande vilivyokwisha lami vinachezewa resi usiku. Sitawahubiria, polisi wapo kwa kazi hiyo. Nitawaambia jambo la kifundi tu. Tairi la MotoGP ni mpira laini unaofunikwa blanketi la umeme mpaka wakati wa kuondoka, na likishapata moto linamruhusu dereva alale zaidi ya nyuzi 60, kiwiko kinapiga lami. Mbio zikiisha tairi hilo ni takataka. Tairi la Boxer limetengenezwa lidumu na libebe wawili pamoja na gunia. Halilali. Na kabla halijakataa tairi, pedali na stendi vitagusa lami kwanza na kukunyanyua. Wale wenzenu wanavaa suti yenye puto ndani, tangu 2018 ni lazima kwa kila dereva, linajaa hewa kabla mtu hajafika chini. Pembeni kuna kokoto za kumpunguza mwendo, na daktari yupo umbali wa dakika chache. Pamoja na hayo yote Martín alivunjika mara nne kwa mwaka mmoja. Kule kwetu pembeni kuna ng'ombe. Turudi Thailand.

Nina kisa cha Buriram ambacho kila dereva bodaboda atakipenda, maana kinahusu upepo wa tairi. Kanuni ya MotoGP inasema tairi la mbele lisishuke chini ya upepo wa bar 1.8. Kwa vipimo vya pale kwa jamaa wa kuziba pancha, ni 26 hivi. Hauko mbali na unaojaza wewe. Lakini wao kuna kifaa ndani ya rimu kinatuma vipimo muda wote, na kwenye mbio za Jumapili lazima uwe juu ya kiwango kwa asilimia 60 ya mizunguko. Ukishindwa, unaongezewa sekunde 16. Sekunde 16 kwenye mbio zile ni kutoka wa kwanza kwenda huko kwa akina nani sijui.

Basi mwaka jana, Machi, Márquez anaongoza pale Buriram, peke yake, hewa safi mbele yake. Hewa safi inapoza tairi la mbele, tairi likipoa upepo unashuka. Akaona kwenye dashibodi anaelekea kuadhibiwa. Alichofanya, mzunguko wa saba, akakata mafuta, akampisha mdogo wake Alex apite. Watu kwenye televisheni wakadhani pikipiki imekufa. Akakaa nyuma ya mdogo wake, akila joto la injini na eksozi yake, tairi likapata moto, upepo ukapanda. Akakaa pale mizunguko na mizunguko. Zikiwa zimebaki mizunguko mitatu akampita, akaenda zake, akashinda. Alipoteza uongozi kwa makusudi ili ajaze upepo bila pampu. Mimi mbio zile naziona ni somo zuri kuliko ajali zote mlizonazo kwenye simu.

Na ndiyo maana nasema msiwe na haraka ya kumhukumu anayepitwa. Jiulizeni anapisha au anapitwa.

Mafundi, sasa zamu yetu.

Huu ndio msimu wa mwisho wa injini za cc elfu moja, yaani ujazo wa injini. Zilianza 2012. Kuanzia 2027 zinashuka mpaka cc 850, mabawa yale ya kuigandamiza pikipiki chini kwa upepo yanapunguzwa, vile vifaa vya kuishusha pikipiki chini vinapigwa marufuku, tangi linatoka lita 22 linakuwa lita 20, mafuta yanakuwa yasiyotokana kabisa na visima, na matairi yanatoka Michelin yanakwenda Pirelli. Kwa maneno mengine kila kitu kinachoendeshwa mwaka huu mwakani ni cha makumbusho. Halafu injini za Ducati, Aprilia na KTM zimefungwa tangu mwanzoni mwa 2025. Hawaruhusiwi kuzibadilisha ndani. Ukiwa mhandisi wa pale Italia, akili yako iko wapi? Iko kwenye ile ya 850. Hii ya sasa unaitunza tu ifike Novemba.

Yamaha peke yao wamefanya kituko. Tangu MotoGP ianze kwa jina hili, 2002, wao injini yao ilikuwa silinda nne zimepangwa mstari mmoja. Rossi alitwaa nayo mataji manne, Jorge Lorenzo matatu, Fabio Quartararo moja, 2021. Kisha ikaishiwa. Mwaka huu wanaingia na V4, silinda mbili mbele mbili nyuma, sawa na wengine wote wanne. Kwa nini? Injini ya mstari mmoja ni pana, krenki yake ni ndefu. Krenki ndefu inayozunguka inaitia pikipiki uzito wa kugoma kubadili upande, ingawa inaipa utulivu mzuri katikati ya kona. V4 ni nyembamba, krenki fupi, inakuachia nafasi ya kuupanga uzito mbele na nyuma unavyotaka, na mabawa yanapata upepo vizuri kwa sababu pikipiki yenyewe ni nyembamba. Lakini ukibadili injini umebadili fremu, umebadili swing'amu, umebadili tangi lilipokaa, na mahesabu ya miaka zaidi ya ishirini yaliyokuwa kwenye madaftari hayakusaidii tena. Wamekubali kuumia mwaka mmoja ili 850 yao ya 2027 isiwe ya kujifunzia. Mimi nawaelewa. Wasiowaelewa ni mashabiki wa Quartararo.

Na huyo kijana wa Kifaransa ana kisirani, jamani. Mwaka jana Silverstone, Uingereza, alikuwa anaongoza, amewaacha wenzake mbali. Kile kifaa kinachoishusha pikipiki nyuma kikagoma kurudi juu. Pikipiki imekaa chini, haigeuki. Akapaki pembeni, akalia. Bezzecchi akashinda. Mnaona kwa nini mimi vifaa hivyo vikifutwa sitatoa chozi.

Jambo jingine la msimu huu, karibu madereva wote mikataba yao inaisha Desemba. Hapa kwetu dereva wa pikipiki ya mkataba akibakiza miezi miwili iwe yake, mtamjua tu: anaosha kila siku, hapiti kwenye mashimo, hataki mtu amguse. Wale ni kinyume. Anayebakiza miezi mkataba uishe anaiendesha pikipiki ya bosi kwa kuvunja, maana mtu wa kiwanda kingine anamtazama leo hii, na nafasi za 2027 zinagawiwa msimu ukiwa bado mbichi. Wekeni hilo pamoja na yale ya mifupa. Kona za kwanza mwezi Machi na Aprili zitakuwa na watu wengi wasiotaka kupisha.

Wageni wawili nawataja. Wa kwanza Toprak Razgatlıoğlu, Mturuki, bingwa mara tatu wa dunia wa Superbike, mbio za pikipiki za aina zinazouzwa madukani, 2021, 2024 na 2025. Kama mmewahi kuona kipande cha mtu anasimamisha pikipiki kwa tairi la mbele, la nyuma liko hewani, anatembea nayo hivyo akiwapungia watu, ndiye. Superbike hakuna aliyefunga breki kumzidi. Sasa yuko Pramac, kwenye Yamaha hiyohiyo mpya. Tatizo lake: Superbike wana diski za chuma na matairi ya Pirelli. Huku ni kaboni na Michelin, na tairi la mbele la Michelin halisamehi mtu anayelikandamiza. Kipaji kilekile kilichompa mataji kinaweza kumuangusha miezi sita ya kwanza. Lakini Pirelli wanakuja mwakani. Huyu msimhesabu mwaka huu, mhesabuni 2027.

Wa pili Diogo Moreira, kijana wa São Paulo, bingwa wa 2025 wa Moto2, daraja lililo chini ya MotoGP, Mbrazili wa kwanza kutwaa taji la dunia kwenye mbio hizi. Anaendesha Honda ya timu ya LCR. Na bahati imemwangukia: mbio zinarudi Brazili, mji wa Goiânia, tarehe 22 Machi, baada ya kutokwenda nchi ile tangu 2004. Wikiendi hiyo kwetu itakuwa ya Idi, na kwa tofauti ya saa sita zitatufikia usiku. Pilau na MotoGP, sijui mnataka nini zaidi.

Kiti anachokalia Moreira kilikuwa cha Somkiat Chantra, Mthailand. Nisikilizeni hapa kidogo. Thailand ni nchi ya pikipiki ndogo, za kazi, za kubeba watu na mboga. Walijenga uwanja wa Buriram, ukafunguliwa 2014. Mwaka 2018 dunia ikaja kushindana pale. Mwaka 2025 wakawa na mtoto wao daraja la juu, huyo Chantra, wa kwanza kwa nchi yake. Alidumu msimu mmoja akaondolewa, ni ngumu kule. Lakini alifika.

Afrika tuna Brad Binder tu, wa Afrika Kusini, wa KTM. Bingwa wa Moto3, daraja la tatu, 2016. Mwaka 2020, Brno, Czech, alishinda MotoGP ikiwa ni mbio yake ya tatu tu daraja lile, na ulikuwa ushindi wa kwanza kwa KTM na wa kwanza kwa nchi yake. Ule wa Austria 2021 ndio mimi huwa nausimulia. Mvua ilianza mwishoni, walioongoza wote wakaingia kubadilisha pikipiki za matairi ya mvua. Binder akabaki nje na matairi makavu, laini kabisa, hayana hata mstari mmoja, lami inang'aa maji. Alikuwa anaendesha kwenye kona kwa mwendo ambao wewe ungempita na Boxer. Akashinda. Kabla yake kulikuwa na akina Gary Hocking na Jim Redman wa Rhodesia miaka ya sitini, walowezi. Mbio zenyewe bara hili zilikanyaga mara ya mwisho Welkom, Afrika Kusini, 2004, Rossi akashinda siku yake ya kwanza na Yamaha. Miaka 22. Kijiweni kwetu hajatoka mtu bado.

Sasa mtazame saa ngapi. Thailand wako saa nne mbele yetu, kwa hiyo mbio zao za saa tisa alasiri kwetu ni saa tano asubuhi. Wenye vibanda umiza mlioko hapa, saa tano asubuhi Jumapili hakuna Ligi Kuu ya mtu, viti viko wazi, msitafute visingizio. Zikifika Ulaya, kuanzia Jerez mwishoni mwa Aprili, nyingi ni saa tisa alasiri yetu. Hapo mtagombana na watu wa mpira, na najua nani atashinda. Zitafuteni mbio za Jumamosi; ni fupi, hazifiki nusu saa, mtu anaweza kuzitazama, abiria wake akiwa anakunywa soda.

Mmeniuliza tangu nilipoingia: nani bingwa? Márquez akiwa mzima hakuna mjadala, lakini nimeshawaambia ninachofikiri kuhusu bega. Pecco Bagnaia, mwenzake wa timu, bingwa wa 2022 na 2023, mwaka jana alishinda Austin na Motegi, pengine kote alionekana amepanda pikipiki ya kuazima. Alex Márquez alimaliza wa pili nyuma ya kaka yake, haijawahi kutokea ndugu wawili kufanya hivyo. Ni mzuri, ila sijamwona akiongoza msimu mwenyewe. Pedro Acosta wa KTM ana miaka 21, ana kila kitu isipokuwa ushindi wa Jumapili, na pikipiki yake inakula tairi.

Mimi nimemweka Bezzecchi. Ndiyo, huyohuyo aliyemgonga bingwa. Alimaliza 2025 kwa kushinda raundi mbili za mwisho mfululizo, Portimão ya Ureno na Valencia, Aprilia yake inageuka vizuri kuliko zote, na la muhimu kwangu: anaingia Buriram bila bandeji. Nakubali kubishiwa. Kipaza sauti kipelekwe kwa yule kijana wa koti jekundu kule nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipomsema Bagnaia.